Wegesa na Shamba Namba 217

Ofisi ya kijiji cha Mosagara ina vyumba viwili, na ni mlango mmoja tu unaofunga vizuri. Mlango huo ni wa masjala ya ardhi, na ufunguo wake huning'inia shingoni mwa mwanamke anayeitwa Wegesa, kwenye kamba ya kiatu. Akienda shambani anao. Akienda kanisani anao. Siku moja nilimwuliza kama huuvua anapooga. Akanitazama kama vile nimemwuliza kama huvua meno.

Nilifika pale mwaka 2016, nikitokea chuoni, kwa wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Kwetu ni Mbalibali, wilaya ya Serengeti, kwa hiyo sikuwa mgeni sana. Nilikuwa nasomea upimaji wa ardhi, na nilikuja nikiamini kwamba nitamfundisha karani wa kijiji mambo mawili matatu ya ramani. Naandika haya kwa sababu katika wilaya zetu hizi mbili, Tarime na Serengeti, tunajua sana kuwasifu wanaume wenye ng'ombe wengi, na siku hizi wenye dhahabu. Watu wanaofanya kazi yao sawasawa hatuwaandiki popote. Mimi nimechoka na hilo.

Kwenye masjala kulikuwa na kabati la chuma, meza, na kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio za babu zetu. Asubuhi ya kwanza Wegesa alikikunja kitambaa mara nne, akawasha, tukasubiri. Ramani ilifunguka polepole. Kwanza ilikuja picha ya satelaiti, kijani na kahawia, na mabati ya nyumba yakimeta humo kama chembe za chumvi. Halafu juu ya picha ikaja mistari myekundu: mipaka ya mashamba mia sita na kumi na mawili, kila shamba na namba yake. Alibofya shamba moja, likageuka njano, na pembeni likatokea dirisha dogo lenye taarifa zake: jina la mwenye shamba, ukubwa, matumizi, siku lilipopimwa, na majirani wa pande zote nne.

"Huyu ni nani?" aliniuliza.

Nikasoma jina lililoandikwa.

"Umesoma," akasema. "Mimi nimekuuliza ni nani."

Akanieleza kwamba yule ni mzee mwenye ng'ombe wanane na mguu mbovu, na kwamba mpaka wake wa mashariki ni safu ya mkonge aliyoipanda mama yake mwaka wa njaa. Akabofya la pili, akanieleza. Akabofya la tatu. Kufikia mchana nilikuwa nimefunga daftari langu la kumfundisha.

Jambo jingine niliona siku hiyohiyo. Ofisi nyingi nilizopita, skrini ya karani hutazama ukuta, na mwananchi huona kisogo cha mashine. Skrini ya Wegesa ilitazama mlango. Aliyeingia aliona kila anachokiona yeye.

*

Wegesa alizaliwa kata ya Gorong'a, katika familia ya wakulima. Alisoma hadi kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akaolewa Kenyamonta. Alikaa huko miaka sita. Ndoa ilipomshinda alirudi nyumbani na mabinti wawili na cherehani kichwani. Kaka zake walimpa chumba. Shamba hawakumpa. Waliona mwanamke aliyerudi ni mtu wa kupita tu, na mtu wa kupita hapewi udongo. Hakugombana nao. Alihamia Mosagara, akapanga, na kila siku ya soko akawa anakwenda Tarime mjini kushona kwenye baraza ya duka la Mwantumu.

Mwantumu ni mwanamke wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitokea Tanga wakafanya biashara huku hadi wakazikwa huku. Duka lake lilikuwa la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Siku moja mchapaji wake hakufika, na wateja walikuwa wamejaa. Mwantumu alichungulia barazani.

"Wewe Wegesa, mguu wako unakanyaga cherehani kutwa nzima. Vidole vyako vina likizo?"

"Sijui mashine hiyo, bibie."

"Na hiyo cherehani ulizaliwa nayo? Ingia ndani."

Ndivyo alivyoanza. Mwaka 2013, mradi wa kupima mashamba ulipofika Mosagara na kijiji kikatafuta karani, waliomba watano. Wazee wawili walisema hadharani kwamba mwanamke hawezi kushika mipaka ya watu, maana yeye mwenyewe hana mpaka. Mtihani ulikuwa kuchapa majina ya wajumbe wote wa vitongoji. Wegesa alimaliza, akasahihisha, akakaa akiwangoja wanaume wanne walioendelea kuitafuta herufi ya kwanza.

Watu wa mradi walimfundisha programu ya ramani kwa siku tano, wakaondoka, wakamwachia kitabu cha Kiingereza. Alijifunza kama fundi anavyojifunza mshono mpya, kwa kufumua na kushona tena. Mchana mmoja alifuta kitongoji kizima bila kujua. Alilia, akanawa uso, halafu kwa wiki tatu akakiingiza upya kutoka kwenye fomu za karatasi. Tangu hapo kila Ijumaa hunakili ramani yote kwenye flashi tatu. Moja hukaa kabatini, moja nyumbani kwake ndani ya kopo la majani ya chai, na moja mjini kwa Mwantumu.

*

Mwezi wa tano mwaka ule wa 2016, nikiwa kwenye mafunzo, dhahabu ilionekana kwenye mwinuko ulio juu ya kijiji. Ndani ya wiki mbili hatukuijua tena Mosagara. Turubai za bluu zilifika kabla ya watu, na watu wakafika kabla ya vyoo. Wachimbaji walianza kufukua mashimo yao, wenyewe huyaita maduara. Karasha za kusaga mawe zilinguruma kutwa. Bodaboda zilitoka Sirari, mpakani, zikiwa na vijana wa Kenya waliomsalimia kila mtu kwa "sasa buda" ya vijiweni, hata wazee wa kanisa.

Na ofisini ikaja foleni. Watu walitaka kitu kimoja tu, kuona. "Nionyeshe langu." Wegesa alibofya, shamba likageuka njano, mtu akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akatafuta mti wake, zizi lake, paa lake. Mama mmoja aliigusa skrini kwa kidole, akacheka, akamwuliza Wegesa kama mvua ya jana nayo imo.

Sheria iko wazi: mchimbaji hata akiwa na leseni, hawezi kuchimba shamba la mtu bila kukubaliana na mwenye shamba. Kwa hiyo kila mwenye duara alitaka kujua mwenye shamba ni nani. Jibu lilikuwa kwenye mashine ya Wegesa, maana hati zenyewe zilikuwa bado hazijachapwa.

Jumatatu moja aliingia kijana wa miaka thelathini hivi, buti zimejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, dada Wegesa."

"Marahaba, Wangwe. Buti hizo zote ofisini?"

"Buti ndiyo tai ya siku hizi, dada. Nitolee ramani ya shamba langu. Namba 217. Wenye duara wanataka kuiona tusainiane."

Wegesa aliacha alichokuwa akikifanya. "Wewe unakaa kwa baba yako, mzee Filemoni. Shamba la baba yako ni 218. Mbili kumi na saba ni kwa Bibi Waisiko."

"Bofya, usibishane na mimi. Bishana na mashine yako."

Alibofya. Shamba likageuka njano, na dirisha dogo likatokea. Mwenye shamba: Wangwe Waitara.

Kijana akatoa kadi yake ya mpiga kura, akailaza mezani taratibu. Wangwe Filemoni Waitara. "Umeona? Sikuandika mimi. Umeandika wewe."

Printa haikuwa na wino, na hicho hakikuwa kisingizio. Wangwe alisema atarudi. Alipotoka, Wegesa alifunga mlango, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya mchana.

"Kosa ni langu," akasema. "Kaa nikueleze."

Msomaji asiye wa huku anahitaji maelezo kidogo. Sisi Wakurya tuna ndoa inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe akaoa binti. Binti huyo huzaa na mwanamume amtakaye, na watoto ni wa nyumba ile. Ndivyo alivyofanya Bibi Waisiko. Mumewe, mzee Wangwe Waitara, alifariki zamani bila kumwachia mtoto. Bibi akatoa ng'ombe, akamwoa Matinde, na Matinde akazaa watoto watatu. Wale watoto huitwa wa Wangwe. Nyumba huitwa ya Wangwe. Hakuna anayeiita kwa jina la mwanamke aliye hai, hata kama ndiye anayelima, anayekamua na anayelipa ada za shule.

Siku ya kupima shamba lile, Wegesa alimwuliza bibi amwandike nani. Bibi akajibu, "Andika Wangwe. Hii ni nyumba yake." Na Wegesa, binti wa Gorong'a aliyekulia ndani ya mila hiyohiyo, hakuona ajabu yoyote. Aliandika jina la marehemu. Karani kutoka Dodoma au Mwanza angeuliza kitambulisho, angepata jina la bibi, mambo yakaisha. Kosa hili lilihitaji mtu wa hapa.

Ila mila ina upande wake wa pili. Mzee Filemoni, mdogo wa marehemu, alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la kaka yake. Sasa marehemu alikuwa na wajina aliye hai, mwenye kadi ya kupigia kura na buti za mgodini.

"Badilisha basi," nilimwambia. "Dakika moja. Futa, andika Waisiko. Si ndio ukweli?"

Nilikuwa msomi, na hilo ndilo nililomshauri.

Wegesa alikataa. "Leo nifute jina la Wangwe kwa sababu ya haki. Kesho aje mwingine aniambie nifute la Waisiko kwa sababu ya kiroba cha mawe ya dhahabu. Nitamjibu nini? Kwamba mkono wangu hufuta kwa wema peke yake?" Akafungua mlango tena, wazi kabisa. "Niliandika mbele ya watu. Nitafuta mbele ya watu."

*

Wangwe hakungoja wino. Kesho yake alipeleka vijana shambani, wakapigilia vigingi vinne katikati ya mihogo ya Matinde kuonyesha duara litakapokaa. Matinde alikuwa kisimani. Aliporudi aling'oa vigingi vyote, akavipasua, akapikia ugali. Vijana walipokuja kuuliza, aliwakaribisha waule ugali huo.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano mkuu Jumamosi. Siku mbili kabla, Wangwe alisimama tena mlangoni pa masjala. Hakuingia.

"Dada, fikiri vizuri. Ukisimama ukasema umekosea hapa, watu watauliza umekosea wapi kwingine. Mia sita na kumi na mawili. Nani ataiamini hiyo ramani tena? Wazee walisema tangu mwanzo. Utarudi kwenye cherehani."

"Cherehani ninayo," alijibu Wegesa bila kuinua kichwa. "Haijawahi kunidharau."

Lakini Wangwe alipoondoka niliona mkono wa Wegesa umeshika ufunguo. Nilijua kijana yule amesema kweli nusu. Kwa Bibi Waisiko lililokuwa hatarini ni shamba. Kwa Wegesa ilikuwa kazi yake yote ya miaka mitatu, na lile neno la wazee kwamba mwanamke hashiki mipaka.

Ijumaa alikaa mbele ya skrini, akabofya 217, akasoma lile dirisha dogo mstari kwa mstari, hadi chini, mahali ambapo hakuna mtu anayesoma. Alifika mstari mmoja akasimama. Akafungua kabati, akatoa fomu ya karatasi ya shamba lile, akaitazama kwa muda mrefu na kuirudisha.

"Nenda kwa Odoyo," akaniambia. "Mwulize kesho atatuazima ukumbi kwa bei gani."

*

Odoyo ni Mjaluo mwenye banda la kuonyeshea mpira pale senta. Ana projekta na shuka jeupe lililonyooshwa ukutani. Alisema banda ni bure, ila aruhusiwe kuuza soda. Jumamosi saa nne asubuhi mabenchi yalijaa, wengine wakachungulia kwenye nafasi za mabanzi. Tulibeba kompyuta kwa toroli ya Odoyo mwenyewe, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma.

"Leo nani na nani wanacheza?" mtu alipiga kelele.

"Mbili kumi na saba na mbili kumi na nane," Odoyo akajibu. "Omera, ndugu yangu, kaa chini, unaziba goli."

Ramani ilipotokea kwenye shuka, banda zima lilinyoosha shingo. Hawakuwahi kuiona kubwa vile. Kijiji chote kilikuwa pale, na mto, na barabara, na shule. Wegesa alisimama pembeni akiwa na kipanya mkononi. Hakutoa salamu ndefu.

"Naanza na kosa langu," akasema. Akabofya 217. "Hapa nimeandika Wangwe Waitara. Wote mnajua nilimwandika marehemu, mume wa Bibi Waisiko. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo tunavyoiita nyumba ile. Lakini daftari la ardhi linataka jina la aliye hai. Nimekosea. Si bibi aliyekosea, ni mimi."

Minong'ono ikapanda. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Tulisema." Wangwe alisimama kwenye benchi la mbele, amevaa shati safi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, amekiri mwenyewe kwamba alikosea kuandika. Mimi nasema hivi: jina ni langu, na kadi ninayo. Kama daftari linataka aliye hai, aliye hai ni mimi."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Hoja yake haikuwa ya kijinga.

"Vizuri," Wegesa akasema. "Wangwe, wewe umesoma. Njoo utusomee hii ya chini. Majirani."

Wangwe alisogea karibu na shuka. Kivuli chake kikaangukia nusu ya kijiji.

"Kaskazini, korongo," akasoma. "Mashariki, kanisa. Kusini, barabara. Magharibi..." Akaishia hapo.

"Soma, mura, soma kijana!" wakapiga kelele nyuma.

"Magharibi, Filemoni Waitara."

"Endelea. Kuna maneno mbele yake."

Hakuendelea. Wegesa akakuza maandishi hadi yakajaa kwenye shuka, na banda zima, wanaojua kusoma, wakasoma kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: "Mpaka umeshuhudiwa kwa niaba yake na mwanawe, Wangwe Filemoni."

Wegesa akainua ile fomu ya karatasi. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. "Dole hili ni lako. Siku ile ulitembea mpaka pamoja nasi, ukasema kwa kinywa chako: kutoka kwenye mkonge huu kwenda kule ni kwa mama mkubwa, kuja huku ni kwetu. Ukaweka dole kama jirani."

Mwanamke mmoja karibu na mlango akasimama, mtoto mgongoni. "Nifundisheni jamani. Mtu anakuwaje jirani wa shamba lake mwenyewe? Jioni anajipigia hodi?"

Banda likapasuka kwa vicheko. Odoyo aliangusha kreti ya soda.

"Nilikuwa mdogo!" Wangwe alisema.

"Ulikuwa na miaka ishirini na saba." Sauti hiyo ilitoka pembeni. Mzee Filemoni alikuwa anainuka kwa fimbo, polepole, na vicheko vikazimika vyenyewe. "Nilikuwa naumwa siku ile. Nilimtuma yeye. Nilimtuma aonyeshe mpaka wa shemeji yangu vizuri, ili nikifa pasiwe na maneno." Akamgeukia mwanawe. "Nilikupa jina la kaka yangu uilinde nyumba yake. Kaa chini."

Wangwe akakaa. Mwenyekiti akauliza nani anakubali kwamba shamba ni la Bibi Waisiko; wajumbe waliinua mikono, na hakuna aliyeuliza idadi.

Nilidhani yameisha. Wegesa aliweka kidole kwenye kibodi kufuta jina, na hapo Bibi Waisiko, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akapiga benchi kwa kiganja.

"Acha! Unamfukuza mume wangu nyumbani kwake? Watoto wa Matinde watakuwa wa nani?"

Hapo mimi ningeshindwa. Ningeanza kutaja vifungu vya sheria. Wegesa aliondoa kidole kwenye kibodi, akafikiri, akafungua jedwali lote la taarifa, safu zile ndefu za majina na namba, zikajaa kwenye shuka la mpira. Akabofya mara tatu. Mwishoni mwa jedwali ikaongezeka safu mpya, tupu, kuanzia shamba la kwanza hadi la mwisho. Juu yake akachapa: NYUMBA YA.

"Bibi, sikiliza. Hapa kwenye mwenye shamba nitaandika majina mawili, lako na la Matinde, kwa sababu ninyi ndio mnaoweza kukubali au kukataa mtu akija. Na hapa," akaonyesha safu mpya, "naandika Wangwe Waitara. Hii ni nyumba yake. Haondoki."

Bibi aliitazama ile safu, ingawa hajui kusoma. "Ni ipi yenye jina lake?"

Wegesa akamwonyesha.

"Na langu?"

Akamwonyesha.

"Na la Matinde?"

Matinde mwenyewe alijibu, machozi yanamtoka. "Hilo hapo, mama. Nimeliona."

Hatukusomeshwa hilo chuoni, wala katika kile kitabu cha Kiingereza halimo. Mashine ile ilitengenezwa na watu ambao hawajawahi kusikia habari ya nyumba ntobhu, na mwanamke wa Gorong'a, bila shahada, aliifanya iijue, mbele ya watu mia mbili.

Alikuwa bado na neno moja. "Kosa hili halikuwa moja," akasema. "Nimehesabu jana. Nyumba kumi na tisa nimeziandika kwa jina la marehemu. Hakuna aliyegombana bado. Nimewaambia kabla hamjaniuliza." Kisha akavua ile kamba ya kiatu, akaweka ufunguo juu ya meza, karibu na kompyuta. "Mkiona kazi hii apewe mwingine, ufunguo ni huo."

Yule mzee aliyesema "tulisema" alikuwa anatazama miguu yake. Mwenyekiti alikohoa. Ni Bibi Waisiko aliyeinuka, akapita kati ya mabenchi, akauchukua ufunguo na kumrudishia Wegesa shingoni kwa nguvu, kama mtu anayemfunga ndama.

"Vaa," akasema. "Nani mwingine anajua kukiwasha hicho kitu? Na hao kumi na nane waliobaki, unangoja nini?"

*

Wenye duara walimwendea Bibi Waisiko wiki iliyofuata, kofia mkononi. Aliwaambia mihogo haijakomaa, warudi baada ya mavuno. Wanarudi. Anawapa maji ya kunywa, halafu Matinde anawasomea kwenye karatasi iliyochapwa na Wegesa mahali mpaka ulipo, na mahali wasipotakiwa kukanyaga.

Jumatatu nilipofika ofisini, skrini ilikuwa imewaka na inatazama mlango kama kawaida. Wegesa alikuwa ameiamuru programu imtafutie nyumba zote zilizoandikwa kwa majina ya marehemu, na kwenye ramani ya Mosagara, kutoka mtoni hadi mwinuko wa dhahabu, mashamba kumi na manane yalikuwa yamegeuka njano. Alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. Kwenye mfuko wake wa plastiki kulikuwa na fomu mpya, kidau cha wino wa zambarau na sandarusi ya kujifunika mvua ikija.

"Unabaki au unakuja?" akaniuliza.

Nilichukua daftari langu. Alifunga mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akaurudisha ufunguo kifuani, tukaanza na nyumba ya mbali zaidi.